Wapelekeni wasikoweza kusoma

Swali la wiki hii liliuliza: "Safari za wanafunzi wa vyuo kwenda miji ya nje zina faida ya kimasomo, au ni matembezi tu yanayolipiwa na wazazi?"

Faida ipo, ila mji ndio huchaguliwa vibaya. Nafundisha usanifu wa grafiki jijini Nairobi, na kila safari ikitajwa mvutano ni ule ule: wanafunzi wanataka Dubai, wazazi wanataka London kwa kuwa kuna shangazi huko, chuo kinataka pa bei nafuu. Mimi nilipigania Addis Ababa, na nitaipigania tena. Sababu yangu kubwa ni kwamba kule wanafunzi wetu hawajui kusoma.

Anayejifunza kupanga herufi ana kikwazo asichokiona: neno likimpita machoni, keshalisoma. Mwambie atazame unene wa herufi na nafasi kati yake, atakujibu, "Hiyo ni benki, mwalimu." Addis haimpi mwanya huo. Kiamhari kina herufi za msingi 33, na kila moja ina maumbo 7 kulingana na irabu: herufi ile ile huongezwa kimkia, hukatwa mguu, hupachikwa kiduara. Hakuna herufi kubwa wala ndogo, na sentensi hufungwa kwa nukta nne. Ukisimama mbele ya duka pale Merkato, soko kubwa la mji huo, unabaki na umbo, rangi na mpangilio, basi.

Kazi niliyowapa ilikuwa hiyo. Wawili wawili, simu mfukoni, wachore mbao za maduka na kuandika kinachouzwa kabla ya kuchungulia ndani. Duka la dawa na kinyozi hawakuwasumbua. Ubao mmoja mweupe wenye mistari miwili ya herufi nyeusi, bila picha, ulizua ubishi: huyu anasema wakili, yule anasema zahanati. Alipotoka mwenyewe, alikuwa fundi cherehani na futi yake shingoni.

Kisha tukafika kwenye kioski chenye tangazo jekundu. Binti mmoja akasema "Coca-Cola" bila hata kufikiri, akanyamaza, akalisogelea. Hapakuwa na herufi hata moja aliyoijua. Hapo tulikaa sana, maana ndipo somo lilipokuwa. Aliyechora nembo ile kwa Kiamhari hakuwa na C ya kuutolea ule mkunjo mweupe, akalazimika kuutafutia mahali pengine pa kuanzia. Wanafunzi waliufuatisha kwa penseli, wakafuta, wakaanza upya. Darasani ningelieleza jambo hilo muhula mzima.

Treni ya mjini, iliyoanza mwaka 2015, ina majina ya vituo kwa Kiamhari na Kiingereza. Yeyote atakayewahi kupanga bango la lugha mbili ayatazame. Herufi za Kiamhari hukaribiana kwa kimo, kwa hiyo ukiziweka kando ya herufi ndogo za Kilatini za saizi ile ile, hizi za pili huonekana zimesinyaa. Teksi zao za abiria, zile za bluu na nyeupe, ziliwavunja moyo vijana waliozoea matatu za Rongai zenye michoro na muziki. Kule makanga ndiye bango: anataja mtaa, Bole au Piassa, unapanda.

Africa Hall, ukumbi wa mikutano wa Umoja wa Mataifa, tuliingia kwa dakika chache kuliko nilivyotaka. Jengo ni la msanifu Mwitaliano Arturo Mezzedimi, lilifunguliwa 1961, na humo ndimo Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulipozaliwa 1963. Vioo vya rangi vya msanii Mwethiopia Afewerk Tekle vina ukubwa wa mita za mraba 150, kuanzia Afrika iliyopita hadi ijayo. Siasa hazikuwagusa sana wanafunzi wangu. Mwanga sakafuni uliwagusa.

Saa, kwa wanaouliza, zinahesabiwa kama zetu za Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza. Mwenyeji akikwambia saa tatu asubuhi, ni saa tatu hiyo hiyo. Hoteli ndizo zitakazokuchanganya.

Kwa wazazi: ulizeni chuo watoto watatembeaje. Kundi zima likiandamana nyuma ya mwalimu huishia kutazamana na kupigana picha, na hapo malalamiko yenu yatakuwa ya haki. Wagawanywe, wapewe kazi, wakutane jioni. Wasikimbie siku ya kwanza, maana mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na hata Mnairobi huishiwa pumzi. Kamera zikae mbali na majengo ya serikali. Julai na Agosti mvua ni karibu kila siku na daftari hulowa, kwa hiyo chagueni Oktoba, na ombi la kuingia Africa Hall litumwe mapema, majina yakiwa kama yalivyo kwenye pasipoti.