Kisima kimoja, wasimulizi wawili

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama visasili, yaani hadithi za kale za kueleza asili ya mambo, vinavyopachikwa ndani ya riwaya za kubuni za kisayansi humsaidia msomaji kuuelewa utamaduni uliobuniwa, au humkatizia hadithi tu. Nilitaka kujibu papo hapo kwamba vinasaidia, na kwamba kurasa mbili za kisasili huieleza jamii ya sayari ya mbali vizuri zaidi kuliko sura nzima kuhusu mavazi na serikali yake. Hata hivyo, swali lenu limenirudisha Ujiji, na naona heri tuulize kwanza ni nani anayesimulia na ni nani aliyeketi karibu naye.

Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki ziwa likiwa jeupe. Ndiyo maana mjomba alikuwapo nyumbani Bibi alipotusimulia asili ya Ziwa Tanganyika. Zamani palikuwa nchi kavu, alisema, na waliishi hapo mtu na mkewe waliokuwa na kisima chenye samaki wasiokwisha, kwa sharti kwamba mgeni yeyote asionyeshwe. Bibi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na kila alipofika mahali pazito mkono wake ulisimama. Ilipofika zamu ya siri kutoboka, alisema mume ndiye aliyejisifu kwa wenzake pombeni. Mjomba akadakia: "Hapana, Mama, ni mke. Alimwonyesha hawara yake." Bibi akaokota kijiwe, akakitupa uani, akasema bila kuinua uso: "Wewe uliambiwa na baba yako. Mimi niliambiwa na mama yangu." Kisha akaendelea, ardhi ikapasuka, maji yakaifunika nchi, na juu ya hilo hakuna aliyebisha.

Mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyefika tena Ujiji mwaka 1876, aliiandika simulizi hii, na kitabuni mwake mkosaji ni mke. Aliyekisoma Ulaya alipata kauli ya mjomba peke yake. Mimi niliyekuwa mkekani nilijua kuanzia usiku ule kwamba nyumbani kwetu lawama ilirithiwa kwa njia mbili, na kwamba mwana angeweza kumsahihisha mama yake lakini asingeweza kumnyamazisha.

Ursula Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, alipachika simulizi za watu wa sayari ya Gethen baina ya sura za riwaya yake ya mwaka 1969, The Left Hand of Darkness. Moja inamhusu bwana wa eneo la Estre aliyemaliza uhasama wa ardhi kwa kuwaachia majirani nusu ya ardhi iliyogombaniwa. Kwa hilo, na kwa kuwaua ndugu zake waliomvamia, akaitwa Msaliti. Lakabu hiyo moja inanionyesha bei ya amani katika nchi ile, nami naisoma kwa heshima kubwa.

Hata hivyo, nikiandika haya msimamo wangu umelegea. Kisasili kilichopachikwa peke yake, kikiwa kizuri namna gani, chaweza kumpotosha msomaji kama kitabu cha Stanley kilivyofanya, isipokuwa labda katika hadithi fupi isiyo na nafasi ya sauti ya pili. Le Guin mwenyewe anadokeza kwamba simulizi ya Msaliti inajulikana kwa namna mbalimbali, lakini anatupatia moja. Ningetamani mtu wa Estre amdakie msimulizi kabla hajamaliza.