Seva ya duka imezeeka: ninunue kubwa kabisa?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, kompyuta 11 zinategemea seva moja ya Windows Server 2012 R2. Wiki iliyopita diski yake moja imeanza kuwaka taa ya njano. Mwakani nafungua tawi Korogwe. Muuzaji anataka nichukue seva ya prosesa mbili, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imejaa sloti zote, ili nisinunue tena. Bei inatisha. Nimsikilize?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, tuanze na hiyo taa. Leo kabla hujafunga duka, nakili data zote kwenye diski ya nje na uende nayo nyumbani. Diski ya pili ikifuata, madeni ya wateja wako wote yamepotea.

Kubadilisha seva ni lazima. Tangu tarehe 10 Oktoba 2023, Microsoft hawatoi tena masasisho ya usalama ya bure kwa 2012 R2.

Ila prosesa mbili, hapana. Kutoa risiti na kuangalia stoo, hata kompyuta zikifika 30, hakuichoshi prosesa moja ya kisasa. Tena Windows Server Standard inalipiwa kwa kori (viini vilivyomo ndani ya prosesa), na kima cha chini ni kori 16 kwa seva. Ukichukua ya kori 8 utalipia 16 vilevile. Ukivuka 16, leseni inapanda. Usisahau leseni za watumiaji, maana wa Korogwe nao wanahesabiwa.

Ramu omba GB 64 kwa vipande viwili vya 32, sloti nyingine zibaki wazi. Akikujazia vipande vidogovidogo vinane, siku ukitaka kuongeza itabidi uving'oe vya zamani, na hela imeenda. Akikupa mashine ya soketi mbili (nafasi mbili za prosesa) yenye prosesa moja, fahamu kwamba sloti za ramu za upande wa pili hazifanyi kazi mpaka prosesa ya pili iwekwe. Diski vivyo hivyo: kasha la nafasi nane, anza na nne. SSD (diski za kasi) mbili kwa RAID 1, yaani kila moja ni nakala ya mwenzake, zibebe Windows na programu ya mauzo, mbili kubwa za kawaida zibebe mafaili.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakukuuliza, na mimi naliona ndilo kubwa. Muulize aliyekuwekea programu ya mauzo: data zinakaa kwenye SQL Server Express, ile programu ya bure ya Microsoft ya kutunza hifadhidata? Kama ni toleo la 2016 hadi 2022, kila hifadhidata inagota GB 10, na Express yenyewe huhifadhi data kwenye ramu isiyozidi kama GB 1.4. Hapo ukijaza sloti zote, duka halitaona tofauti. Mwambie akuonyeshe faili la data lina ukubwa gani leo na lilikuwa ngapi mwaka jana. Likikaribia GB 8, bajeti yako iende kwanza kwenye leseni ya SQL au kuhamia toleo lenye nafasi zaidi.

Fedha utakayookoa nunua UPS inayoizima seva taratibu umeme ukikatika, diski moja ya akiba ya aina ileile, na laini ya pili ya intaneti kwa ajili ya Korogwe. Mkataba wa dhamana usipungue miaka mitatu, na uandikwe fundi atafika Tanga ndani ya siku ngapi.