Jibu la msomaji: mama hakumtelekeza, alimwacha tu getini

Swali la wiki hii mmeuliza mwanafunzi wa sekondari afanyeje ili awe na msamiati wa juu wa Kiingereza. Siwezi kulipita kimya hili maana jioni nyingi nakaa na watoto wa ndugu na majirani nawasaidia insha zao, na kosa naloliona ni lile lile miaka nenda miaka rudi.

Kuna binti mmoja aliniletea insha ya siku yake ya kwanza sekondari, kaandika "My mother abandoned me at the school gate". Nikashtuka, nikamuuliza taratibu, mama alikufanyaje? Naye akashangaa, akanijibu si aliniacha getini akaenda kazini. Akafungua daftari lake, kurasa kwa kurasa zimejaa maneno, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili, na kweli ukurasa wa kwanza kabisa pameandikwa "abandon = acha". Kukariri alikariri vizuri sana jamani, shida ni kwamba "acha" yetu ni neno pana mno, unaacha begi mezani, unaacha kazi, unaacha sigara, unamwacha mtu apite, unaachana na mwenzio, na kila mahali hapo Kiingereza kina neno lake, hilo la "abandon" ni la kutelekeza, unaondoka na hurudi tena.

Kwa hiyo mimi nasema orodha ya neno moja kwa maana moja siyo msamiati, hata ukiwa na maneno elfu. Bora maneno kumi kwa wiki lakini kila moja uwe unajua linakaa na nani. Mvua kubwa ni "heavy rain", huwezi kusema "strong rain", ila upepo ndo unakuwa "strong". Uamuzi unau-"make", mtihani unau-"take". Hakuna sheria ya kukueleza kwa nini, ni mazoea ya wenye lugha, sasa ukiandika neno kwenye daftari liandike na jirani yake, "abandon a plan", "abandon a ship", na sentensi moja nzima uliyoitunga mwenyewe. Yule binti tulifuta ule mstari wa "acha" tukaandika upya hivo, ikachukua kama dakika kumi kwa neno moja, na naona zilistahili.

Halafu ni maneno gani. Watoto wanapenda maneno makubwa makubwa ya kwenye intaneti, "plethora", "ubiquitous", wanayapachika kwenye insha ili mwalimu ashangae. Nawaelewa, neno jipya lina utamu wake, lakini yanayowaangusha kwenye mtihani siyo hayo, ni "assume", "derive", "consistent", "significant", yaani maneno ambayo yapo kwenye historia, yapo kwenye biolojia, yapo kwenye swali lenyewe la mtihani na hakuna mwalimu anayeyafundisha kwa sababu kila mmoja anadhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Mtaalamu mmoja wa Nyuzilandi, Averil Coxhead, aliyakusanya akatoa orodha mwaka 2000, zipo familia 570 za maneno na zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote kwenye maandishi ya kitaaluma. Kumi kwa wiki unazimaliza kwa mwaka na wiki chache.

Nimesema familia, na hapo sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Mtoto wetu anajua bila kufundishwa kwamba soma, someka, somesha, msomaji na somo ni ndugu. Basi mwonyeshe kwamba "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" ni mchezo ule ule, ataelewa papo hapo. Pia tuna uliza, tuna saili, moja la asili yetu na jingine limetoka Kiarabu, na tunajua lipi la sebuleni lipi la kazini. Kiingereza nacho kiko hivo, baada ya watu wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yakaingia kwa wingi juu ya yale ya zamani, na ya Kilatini yakaja juu yake, ndo maana kuna "ask", kuna "question", kuna "interrogate", na hilo la mwisho ni la polisi na mtuhumiwa, usimfanyie mwalimu wako.

Kusahau kupo, tusidanganyane. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha mwaka 1885, akaonyesha sehemu kubwa ya unachokariri inapotea mapema sana, ndani ya saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Tumia kadi za karatasi, upande mmoja sentensi yenye pengo upande wa pili neno, na ujilazimishe kulikumbuka kabla ya kugeuza. Kusoma tu orodha mara ishirini usiku wa kuamkia mtihani, asubuhi hukuti kitu.

Na kadi pekee hazitoshi, mtaalamu wa msamiati Paul Nation alipiga hesabu mwaka 2006 akaona kusoma riwaya au gazeti bila kukwama kunataka familia kama 8,000 hadi 9,000, sasa hizo nani atazikata kadi zote? Lazima mtoto asome vitabu, vile anavyovipenda yeye, hata vyepesi, ili neno la kwenye kadi akutane nalo tena mahali ambapo hakulitegemea.

Wazazi wengi wananiambia mimi Kiingereza sijui nitamsaidia vipi. Unaweza sana. Shika kadi, mwambie akueleze hilo neno kwa Kiswahili, tena asikupe neno moja, akwambie linatumika wakati gani, nani anamwambia nani, na lini halifai. Akianza kubabaika rudisha hiyo kadi kwenye za kesho.