Maswali ya Wasomaji: Namba Tano Mfupi

SWALI: Mhariri, salaam. Nacheza namba tano (beki wa kati) huku Kisauni, na kwa kimo changu cha futi 5 na inchi 8 kocha ataka kunipeleka pembeni. Mzee mmoja wa barazani ashikilia kuwa nahodha wa Uingereza, Billy Wright, alikuwa na kimo hichohicho na alicheza namba tano, ila Puskás wa Hungary alimwaibisha Wembley. Ni kweli? Na mipira ya juu aliiwezaje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Kimo ni hicho. Kwa Puskás, mzee wetu kachanganya kidogo. Tarehe 25 Novemba 1953, Hungary ilipoifunga Uingereza 6–3, Wright alivaa namba 4, kiungo wa kulia. Namba tano alikuwa Harry Johnston, na balaa lake lilikuwa Hidegkuti, namba tisa (mshambuliaji wa kati) aliyeshuka katikati ya uwanja. Johnston akimfuata, nyuma kwabaki wazi. Asipomfuata, jamaa yuko huru. Hidegkuti alitia mabao matatu.

Balaa la Wright lilikuja dakika ya 24. Puskás alikuwa na mpira karibu na goli, upande wa kulia. Wright akaja kwa kasi, akateleza. Puskás akauvuta mpira nyuma kwa wayo wa kushoto, Wright akapita na nyasi, na shuti likaingia mlingoti wa karibu. Beki akishalala, kazi yake imekwisha. Wewe punguza mbio hatua mbili kabla ya kumfikia, simama upande-upande, magoti yamekunjwa, umfungie njia ya ndani. Mguu wako utoe pale tu mpira ukishatoka kwenye mguu wake.

Namba tano Wright aliishika 1954, Kombe la Dunia la Uswisi, baada ya Syd Owen aliyeicheza kuumia. Hakuiacha hadi alipostaafu 1959: mechi 105 za taifa, 90 akiwa nahodha, na wa kwanza duniani kufikisha 100. Refa hakuwahi kuandika jina lake kitabuni (kadi hata hazikuwapo, zilianza 1970). Akiwa na klabu yake, Wolves, alitwaa ligi ya Uingereza mara 3.

Kwenye mipira ya juu, Wright aliwapata warefu kwa kuusoma mpira mapema na kwa mruko wake. Usimgande mshambuliaji: ukimgusa, huna pa kukimbilia, na ukiruka papo hapo kwa miguu miwili mrefu atakushinda tu. Kaa nyuma yake kama hatua moja, upate nafasi ya hatua mbili tatu, ruka kwa mguu mmoja, uwe hewani kabla yake. Piga kwa paji la uso, macho wazi. Kwenye viwanja vyetu vya mchanga hatua ya mwisho iwe fupi. Ukiitanua, mguu wazama na mruko wafia chini.