Difu ya 4.1 kwenda 4.556: inafaa?

Ndugu, umeuliza kama kubadili difu (gia ya mwisho inayopeleka nguvu magurudumuni) ya gari lako la Toyota 86, kutoka uwiano wa 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, uweke 4.556, kuna faida hapa Lubumbashi. Faida ipo, na utaisikia mwilini: magurudumu yanapata nguvu zaidi kwa asilimia 11 katika kila gia, ingawa injini ni ileile. Toyota wenyewe walipandisha 86 ya gia za mkono kutoka 4.1 hadi 4.3 kwa modeli ya 2017 ya soko la Marekani.

Ila fikiria barabara ya Likasi. Kwenye gia ya 6, kwa kilomita 100 kwa saa, injini itatoka mizunguko kama 2,700 kwa dakika hadi karibu 3,000. Kelele na mafuta vitaongezeka safari nzima.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni ufungaji. Krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) lazima zipimwe nafasi kati ya meno yake kwa kipimo cha saa, yaani kile chenye mshale kama saa, si kwa mkono. Mimi nilifungiwa kwa kukadiria. Ikaanza kulia kama nyuki, meno yakaliwa. Kama huna fundi mwenye kipimo hicho, nunua tairi nzuri kwanza.