Anti, macho yangu yameniangusha, niyaamini tena?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi nashona nguo, nna cherehani tatu na kazi zimenizidi, miezi minne iliyopita nikatafuta msaidizi wakaja wasichana wawili siku moja. Wa kwanza kaja kanyooka, nguo imepigwa pasi, anacheka, anajibu vizuri hadi nikajisikia kama namjua toka zamani. Wa pili kaja na kandambili, kichwa chini, kila nnachomuuliza ananijibu neno moja na machoni hanitazami kabisa, nikasema moyoni huyu anaficha kitu. Nikamchukua wa kwanza bila hata kulala nalo. Anti, wiki ya sita kaondoka na vitambaa vya wateja wanne, simu haipatikani mpaka leo. Yule wa pili kachukuliwa na rafiki yangu ambaye naye ni fundi na kila nikipita kwake anamsifia mpaka nataka kulia. Sasa kuna hili lingine, mdogo wangu ana mchumba, kamleta nyumbani mara moja tu na mimi toka dakika ya kwanza roho imemkataa. Nimwambie mdogo wangu au ninyamaze, manake macho yangu ndo hayo yaliyomchagua mwizi?
Fundi aliyechoka

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na vitambaa kwanza, najua hapo umelipa watu kutoka mfukoni mwako na bado wengine wamekununia.

Usijilaumu kwa kumpenda yule binti. Kupenda au kukataa sura hatukupangi, kunatokea tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, nyingine kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, yaani hujamaliza hata kupepesa jicho, na watu wakawa tayari wameshaamua huyu muaminifu huyu hapana. Walipoongezewa muda wa kutazama maoni yao hayakubadilika sana, ila kilichoongezeka ni uhakika wao! Hapo ndo pabaya. Wewe uliongea na yule binti nusu saa labda, ukadhani nusu saa nzima unampima, kumbe ulishamaliza kumpima alipokuwa bado mlangoni, muda uliobaki ulikuwa unajipongeza.

Halafu hili la machoni naomba tuliache jamani. Watu wengi wanaamini muongo hawezi kukutazama, na waongo nao wanalijua hilo vizuri sana, mtu aliyekuja kukuibia atakukodolea macho mpaka wewe ndo uone aibu. Kuna uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo 2006, wa Charles Bond na Bella DePaulo, ulikusanya majaribio ya zaidi ya watu 20,000 waliotakiwa kusema nani anadanganya na nani anasema kweli kwa kuwatazama na kuwasikiliza tu. Walipatia asilimia 54. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Yule wa kandambili alikuwa anaogopa kukosa kazi, basi, na mtu anayeihitaji kazi kuliko wote mara nyingi ndo anayetetemeka kuliko wote.

Sasa nikuulize kitu na usikasirike. Cherehani tatu zipo hapo hapo, mbona hukuwakalisha? Hukosi kipande cha kitambaa kilichobaki, ungempa kila mmoja akunje pindo, kisha unageuza unaangalia upande wa ndani, uzi umekazwa au unaning'inia, kafunga mwisho wa mshono au kauacha utafumuka ukifuliwa mara mbili. Ungeona mambo ambayo kicheko hakionyeshi. Najua hata hivyo mwizi anaweza kushona vizuri, ndo maana kungekuwa na la pili, kumpigia simu mtu aliyekaa nae kazini kabla yako. Nna uhakika hukupiga kwa sababu ulishampenda. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Edward Thorndike, aliligundua hili toka mwaka 1920 kwa maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapa alama askari wao, umbo peke yake, akili peke yake, uongozi peke yake, tabia peke yake. Alama zikaja zimefuatana mno, aliyependwa kwa kimoja kapewa vyote. Na wewe umeona pasi kwenye nguo ukaandika uaminifu.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1831 kijana Charles Darwin alikuwa anataka kusafiri na meli ya Beagle, nahodha FitzRoy akamtazama pua akasita, kwa sababu aliamini umbo la uso linaonyesha tabia, na pua ile akaona si ya mtu mwenye nguvu na msimamo wa kustahimili safari ndefu. Pua! Darwin mwenyewe aliisimulia baadae, kwamba alikuwa karibu kukosa ile safari. Akaenda, wakakaa baharini na nchi za mbali karibu miaka mitano, na kazi iliyotoka humo, ile nadharia yake ya mageuzi ya viumbe, dunia bado inaibishania.

Lakini sisemi macho yote ni bure. Kama mtu mchangamfu, kama leo kaamka na hasira, kama anapenda kuongea, haya tunayaona haraka na mara nyingi tunapatia, yako juu juu. Atarudisha hela ya watu? Atamvumilia mdogo wako akiumwa? Hayo hayakai usoni.

Sasa tuje kwa huyo mchumba wa mdogo wako. Kabla hujafungua mdomo kaa peke yako ujiulize, alifanya nini? Si umejisikiaje, alifanya nini. Kama alimkatiza mdogo wako kila akiongea, kama alimfokea mtoto, kama hadithi yake ya kazi ilibadilika mara mbili, hayo ni matendo, mwambie mdogo wako kama ulivyoyaona na usiongeze chumvi. Kama ni kwamba alikaa kimya na kununa tu, nyamaza kwanza, mualike tena na tena, siku ya kazi ikibidi, akusaidie kuhamisha kabati uone anavyobeba na anavyoongea akichoka. Mimi niliwahi kukaa ofisi moja na mzee ambaye kila asubuhi nikimsalimia hajibu, miezi miwili nikawa namuita mwenye kiburi kwa kila mtu, kumbe sikio la kushoto halisikii na meza yangu ilikuwa upande huo. Nilivyohamia upande wa pili nikagundua ni mtu wa maneno mengi mpaka nikatamani kurudi nilikotoka.

Na huyo binti wa kandambili muache hapo hapo kwa rafiki yako, najua unachokiwaza.