Benki ya Varrock ni tupu: je, RuneScape inakufa?

SWALI: Shikamoo kaka. Nilianza kucheza RuneScape, ule mchezo wa mtandaoni, nikiwa shule, nikaacha katikati ya 2007. Mwezi uliopita nywila yangu ilinirudia kichwani, nikaingia. Akaunti ipo, kiwango changu cha 71 cha kukata miti kipo. Nikakimbilia benki ya magharibi ya Varrock, mji wa humo mchezoni, pale tulipokuwa tukipiga kelele za kuuza magogo. Nimekuta watu watatu, hakuna anayeongea. Binamu yangu anaapa kwamba mchezo umejaa watu. Nani mkweli? Na je, nirudi?
Mkata Miti wa Zamani

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Binamu yako hakudanganya na wewe hukuota. Mnazungumzia michezo miwili yenye jina moja la ukoo.

Tuanze na hiyo benki. Enzi zako biashara ilikuwa ya mdomo: mtu anasimama mlangoni, anaandika bei, anaiandika tena na tena mpaka mnunuzi ajitokeze. Novemba 2007, miezi michache tu baada yako kuondoka, kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ilifungua Grand Exchange, soko linalokuuzia mali bila hata kumwona mnunuzi. Liko kaskazini-magharibi ya mji ule ule. Umati wote ukahamia huko. Wewe umesimama kwenye kituo ambacho mabasi yalishahamishwa, unashangaa abiria wamekwenda wapi.

Tena umeona viwango vyako vya zamani, maana yake umeingia RuneScape yenyewe, ile iliyoendelea kubadilika. Binamu yako yuko Old School, mchezo wa pili, unaofuata RuneScape ya zamani. Na hapo ndipo penye hadithi.

Desemba 2007 nilikuwepo. Kulikuwa na genge la kuuza dhahabu ya mchezo kwa pesa halisi, wakilipia uanachama kwa kadi za benki za wizi. Jagex ikachoma nyumba kwa sababu ya panya: ikaondoa mapigano kati ya wachezaji katika eneo la Wilderness na kubana mabadilishano, hata zawadi kati ya marafiki. Nilikuwa nimemwahidi rafiki yangu mavazi ya vita. Nilipompa, mfumo ukakataa kwa sababu mali yake haikulingana na yangu. Alicheka, akaaga, na sikumwona tena humo. Tarehe 1 Februari 2011 vyote viwili vilirudishwa, baada ya kura zaidi ya milioni moja. Ila mtu aliyeondoka miaka mitatu hakai mlangoni akingoja afunguliwe.

Mwaka 2012 ulikuwa mbaya zaidi. Kwanza lilikuja gurudumu la bahati, na baada ya muda mfupi mizunguko yake ikaanza kuuzwa. Kisha Novemba wakabadilisha mapigano yote. Unakumbuka ilivyokuwa: unambonyeza adui mara moja, mikono inapiga yenyewe, wewe unakula samaki na kupiga soga. Badala yake ikaja safu ya mbinu za kubonyeza kwa wakati wake. Wako walioipenda, na sikatai kwamba ilikuwa na akili zaidi. Mimi vidole viligoma. Nilijitahidi wiki tatu nikafunga virago.

Februari 2013 ikasikika kwamba Jagex imekuta nakala ya akiba ya mchezo wa Agosti 2007. Wakaitisha kura, zikapigwa karibu 450,000, na tarehe 22 mwezi huo huo Old School ikafunguliwa. Wote tulianza sifuri, mimi na shoka langu la shaba kama mtoto wa jana.

Watu husema kilichoirudisha ni hamu ya utoto. Nusu tu. Hamu ile ilikwisha haraka, na umati wa kwanza ulipungua miezi michache baadaye. Kilichowavuta tena, kwa maoni yangu, ni kwamba jambo jipya lilipaswa kwanza kupigiwa kura na wachezaji na kupata asilimia 75 (siku hizi ni 70). Hata Grand Exchange, ambayo nakala ile haikuwa nayo, ilirudi 2015 kwa kura. Mwaka 2018 ikaingia kwenye simu, na waliokua wakapata pa kukatia miti wakiwa kwenye foleni. Leo mdogo, yaani Old School, ana watu wengi kuliko kaka yake, RuneScape yenyewe. Katika hesabu hizo toa boti, yaani programu zinazocheza badala ya mtu, ambazo ziko pande zote mbili, bado mdogo anaongoza.

Ukitaka kujua hali kwa macho yako, tazama orodha ya seva, tunazoziita dunia. Kila moja inachukua hadi wachezaji 2,000 na idadi ya waliomo imeandikwa kando. Usihukumu mchezo kwa dunia moja yenye watu mia mbili.

Urudi? Sikukatazi, ila piga hesabu. Kufika kiwango cha 99, lengo la wachezaji wengi, kunahitaji alama 13,034,431 za uzoefu. Ukiwa 71 una kama 814,000, hujafika hata sehemu ya kumi ya safari, na nusu ya safari ni kiwango cha 92. Old School hata hizo hutapewa. Kama bado unapenda sauti ya shoka kuliko kufika, ingia.

Chagua dunia 301 ya Old School, haina malipo, kisha nenda Grand Exchange. Kelele ulizozikosa utazikuta. Wengi wa wanaozipiga ni matapeli wanaoahidi kukurudishia dhahabu yako mara mbili. Usiwape hata sarafu moja. Hao hawakuondoka hata siku moja.